Kitabu Chenye Kufuli

Nyumbani, 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Kile kikohozi kimekwisha? Wanakupa muda wa kula au bado unakula umesimama? Sisi huku wote wazima, na mimi pia mzima ukiondoa jicho. Usishangae mwandiko. Anayeandika ni mama yako mdogo, akimaliza atapiga picha karatasi akutumie kwa simu yake. Mimi nasema tu, tena nasema nikiwa nimetazama sakafu, kwa hiyo ukikuta neno halieleweki mlaumu yeye.

Wamenipasua jana. Daktari ni kijana kuliko wewe, lakini anaeleza vizuri. Kasema ile ngozi ya ndani kabisa ya jicho, inayopokea picha, ilikuwa imebanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Ameirudisha, kisha akanijazia hewa ndani ya jicho iikandamize mpaka ishike. Sasa hewa siku zote hukimbilia juu. Ili iende nyuma ya jicho inakotakiwa, uso wangu lazima utazame chini. Wiki mbili, mwanangu! Nalala kifudifudi, nakula kifudifudi kwa mrija, na nikienda chooni natembea nikitazama vidole vya miguu yangu. Nikiinua uso, hewa inahama, ngozi inabanduka, na daktari kasema mara ya pili haahidi kitu. La kushoto unalijua, lilishakufa zamani, linajua mchana na usiku basi. Hili ndilo nililobaki nalo. Bila hili sihesabu mishono, na bila mishono hakuna masweta, na mimi bila mashine yangu ya kufuma sijui ni nani.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama, na mvunguni hakuna kitu ila kandambili za marehemu baba yako. Siku moja tu na tayari nataka kupiga mayowe.

(Ameinua kichwa mara mbili tangu tuanze barua hii. Mara ya pili alisema anatafuta nzi. Mimi, Mamdogo.)

Mwongo huyo, ni mara moja. Sikiliza: vile vitabu ulivyosema unavisikiliza kazini, vinavyosomwa na mtu, nitumie kimoja. Kiwe kirefu.

Mimi mama yako.


Ugenini, 5 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo pia Mamdogo. Mimi sijambo, kikohozi kimepungua, ila barua yako imeniweka roho juu. Mama, nakuomba, hata nzi akitua puani mwache. Hata simba akiingia, mwache Mamdogo amfukuze, wewe tazama sakafu.

Nilidhani kukutumia kitabu ni jambo la dakika moja. Nilikinakili kwenye simu nikutumie kama wimbo, kikakataa. Nikajaribu kukiweka kwenye kadi, kikanakilika lakini hakifunguki. Msimamizi wetu hapa kwenye kiwanda cha kufulia mashuka, ambaye naye husikiliza, alinicheka. Kitabu kina kufuli. Nimekinunua, ndiyo, lakini kinafunguka ndani ya programu ya duka lenyewe tu, kwenye kifaa kilichosajiliwa kwa akaunti yangu, na vifaa havizidi vitano. Kwa hiyo tufanye hivi: Mamdogo aiweke programu hiyo kwenye simu yake, aingie kwa akaunti yangu. Neno la siri nitamtajia kwa mdomo. Usimpe mtu mwingine, Mama. Kadi yangu ya benki imefungwa humo humo.

Nimekuchagulia kile cha mjane aliyempangisha chumba cha juu mtu asiyetoka mchana. Ni saa nyingi mno. Mimi mwenyewe nilikimaliza nikikunja mashuka, nusura nikunje na mkono wangu.

Mwanao, kitindamimba.


Nyumbani, 7 Machi

Mwanangu,

Salamu kwa wingi, na shukrani zaidi ya salamu. Mimi bado sakafuni, sakafu haijambo.

Hebu nieleze kitu kimoja. Mama yako mdogo akienda kupika shuleni aliondoka na simu yake, na kitabu kikaondoka naye. Nikamwambia basi kiweke kwenye redio yangu. Hakiwezi. Kiweke kwenye simu yangu ya vitufe. Hakiwezi. Kwenye televisheni ya jirani je? Mpaka isajiliwe. Sasa hicho ni kitabu gani? Mimi nikinunua sufuria, siulizi duka kama inaruhusiwa kwenye jiko la jirani! Mtu analipa, halafu kitu chake kinamchagulia chumba cha kukaa. Ningekuwa nafuma masweta ya namna hiyo, mtoto akimwazima mwenzake sweta linajifungua uzi mgongoni.

Basi tumebadilishana. Yeye anakwenda kazini na simu yangu ya vitufe, wenzake wanamcheka, na yake inabaki hapa sakafuni chini ya uso wangu. Amenishonea mto wa taulo wenye tundu katikati. Naweka paji la uso, na yule mama msomaji anaanza. Ana sauti ya mtu aliyekula akashiba. Jana mpangaji alishuka ngazi kwa mara ya kwanza na mjane akazima taa, na mimi nikashika miguu ya kitanda. Nimelala mchana mzima sikugeuka.

(Hili ni kweli. Nilimkuta kama nilivyomwacha. Mamdogo.)

Unaona? Hata adui yangu anashuhudia.

Mama yako.


Nyumbani, 10 Machi

Mwanangu,

Salamu, u mzima? Sisi wazima. Shingo inauma, mgongo unauma, roho imetulia.

Kuna mwalimu mmoja wa hesabu niliyelazwa naye hospitali, kitanda kwa kitanda. Naye yuko kwake kifudifudi kama mimi. Alinipigia analia. Alisema ameshindwa, afadhali upofu kuliko adhabu hii, kesho anainuka aende zake sokoni. Mtu mzima na akili zake! Nikamwambia mwenzangu, usiinuke, nitakupa dawa ninayotumia mimi. Nimempa. Jana kanipigia kuniuliza kama mpangaji ndiye aliyeficha ufunguo. Tumebishana mpaka salio likaisha. Hajainuka.

Daktari alinitazama jana akasema inashika vizuri. Maneno yake hasa: inashika vizuri, usiharibu.

(Nilikuwepo, alisema hivyo. Mamdogo.)

Mama yako anayekupenda.


Ugenini, 11 Machi, asubuhi

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Nashukuru Mungu kwa maneno ya daktari, niliyasoma mara nyingi kwenye mapumziko.

Lakini kumetokea balaa. Leo kabla ya zamu nimefungua akaunti yangu ya vitabu nimekuta vifaa vitano. Changu na cha Mamdogo navijua. Vitatu sivijui, na kimoja kilikuwa kinasikiliza dakika ile ile! Mama! Wezi wameingia, na kadi yangu ya benki imo. Sikungoja. Nimebadilisha neno la siri na nimevitoa vifaa vyote kwa mkupuo. Duka nalo likaingiwa na shaka, likafunga akaunti nzima mpaka niwapelekee kitambulisho na wao wakikague. Hata mimi mwenyewe sasa siwezi kufungua. Itachukua siku kadhaa.

Najua na simu ya Mamdogo imetolewa. Vumilia kidogo tu, Mama. Muhimu ni kwamba nimewawahi wale wezi.

Mwanao.


Nyumbani, 12 Machi

Mwanangu,

Salamu. Hatujambo.

Barua yako nilisomewa jioni mama yako mdogo aliporudi, maana wewe uliandika asubuhi na mimi sina macho ya kusoma simu. Wezi wako nimewajua. Ni mwalimu wa hesabu, na shemeji yake anayemlinda, na yule msusi wa pale kona aliyekuja kunisuka nikiwa nimelala, akasikia kisa, hakuweza kuondoka. Nilimtajia neno la siri kama ninavyomwazima kinu. Ndiyo, uliniambia nisimpe mtu. Nilidhani unaogopa watu wabaya. Hawa nawajua! Na mtu atasikilizaje kisa kama kile peke yake, asiwe na wa kumuuliza mpangaji ameficha nini? Nisamehe mwanangu. Usiwe na hofu, sisi huku tuko salama, nimelala tu.

(Amesema nisikuandikie, lakini kalamu iko mkononi mwangu. Hakulala. Jana kitabu kilinyamaza katikati ya sentensi, asubuhi ile ile. Akadhani simu imekufa. Akaingoja, akaibonyeza kwa kupapasa, mwisho akainuka. Nilimkuta amekaa mezani, ameibana simu kwenye jicho, anatafuta pa kubonyeza. Nilipomuuliza tangu saa ngapi, akasema sasa hivi tu. Chai niliyomwachia ilikuwa mezani mbele yake, kikombe kitupu, hakutumia mrija. Nimemrudisha kifudifudi. Anasema anaona kivuli pembeni ambacho juzi hakikuwepo. Daktari miadi yake ni tarehe 17, nimepiga simu kuomba tuwahi, wamesema yuko safarini. Mwanangu, mimi naogopa. Mamdogo.)

Mama yako.


Ugenini, 13 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijui niandike nini. Nilikuwa na haraka ya kufukuza wezi, nikamfukuza mama yangu. Ningepiga simu kwanza kukuuliza! Ningengoja Mamdogo arudi! Nimekunja mashuka leo msimamizi akanirudishia yote, yamekunjwa ndani nje.

Sina hasira na mwalimu wala msusi. Sina hasira na wewe. Nataka ulale. Duka nimewapelekea kitambulisho, wakataka picha ya uso wangu, nimepeleka, wanasema ombi langu limepokelewa. Kila nikiuliza, ombi langu limepokelewa.

Kisa nakijua. Kitabu wamekifunga, mimi hawajanifunga mdomo. Kuanzia leo nitapiga kila mapumziko, na jioni, na Mamdogo aiweke simu pale pale sakafuni. Tuliishia mjane ameukuta ufunguo ndani ya gunia la unga. Nitaendelea hapo. Sina sauti ya yule mama, lakini sitanyamaza katikati.

Tafadhali Mama. Kivuli hicho bado kipo? Niambie ukweli.

Mwanao.


Nyumbani, 16 Machi

Mwanangu msimuliaji,

Salamu nyingi kutoka sakafuni. Koo lako halijambo? Jana lilikuwa linakwaruza, kunywa kitu cha moto.

Kwanza malalamiko. Unaruka. Mjane hawezi kuwa jikoni halafu ghafla yuko kituo cha polisi, alipitia wapi? Pili, unampendelea mpangaji. Naona wazi unamtetea kwa sababu naye anakaa mbali na kwao. Tatu, ulisema mvua ilinyesha, na jana ukasema vumbi. Lakini endelea. Tangu uondoke hapa hatujawahi kuzungumza hivi. Simu zetu zilikuwa hujambo, sijambo, haya, kwaheri. Sasa nakusikia ukicheka. Sikujua kicheko chako kimekuwa kama cha baba yako.

Ukikata, mimi namwendelezea mwalimu wa hesabu. Naye anamwendelezea shemeji yake. Mimi simtetei mpangaji, kwa hiyo kwa mwalimu kisa ni kingine kabisa, na msusi ana chake.

Kivuli kipo, kidogo. Tumwachie daktari.

(Si kidogo. Lakini tangu uanze kupiga, hajainua kichwa hata mara moja, hilo naapa. Mamdogo.)

Mama yako.


Ugenini, 20 Machi

Mama,

Shikamoo. Mamdogo shikamoo. Nimepiga tarehe 17 jioni, mkasema mko foleni. Nimepiga 18, ukaniambia "nzuri, nzuri, daktari amefurahi," ukakata. Jana Mamdogo hakupokea. Kazi hazifanyiki. Nasikia simu inalia kwenye kila mashine ya kukausha.

Daktari alisema nini hasa? Niandikieni maneno yake kama mlivyoniandikia yale mengine.

Mwanao.


Ugenini, 27 Machi

Mama,

Shikamoo. Nakushukuru kwa simu ya jana. Nilifurahi kukusikia unacheka na kusema unaona kila kitu. Lakini nilipoomba kuongea na Mamdogo ukasema amerudi kwake, na nilipompigia yeye akasema muulize mama yako. Mamdogo lini alikosa la kusema?

Mama, usinielewe vibaya. Kwa simu mtu anaweza kusema lolote. Duka wamenifungulia akaunti leo hii, na sina hata hamu nayo. Niandikie barua moja kwa mkono wako mwenyewe, basi nitalala usingizi.

Mwanao anayengoja.


Nyumbani, 14 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi mno. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Mimi mzima, jicho zima, nyumba nzima. Hukuniamini kwa simu, haya, mwandiko wangu huu hapa, na unaujua tangu nilipokuwa nakuandikia ruhusa za shule. Nimempa msafiri akuletee mkononi, maana picha za simu zinaweza kupigwa na mtu yeyote.

Mama yako mdogo nilimwambia arudi kwake. Ana kazi yake, na mimi si mgonjwa wa kulindwa. Leo basi hakuna wa kuniingilia kati. Raha iliyoje!

Mwalimu wa hesabu amepona kabisa. Jana alikuja mwenyewe kwa miguu, akanisomea gazeti lote kwa mbwembwe, kwa furaha tu ya kuona. Alilia akanishika mikono. Alisema bila kile kitabu angeinuka siku ile. Kwa hiyo usijute neno la siri, na mimi sijuti. Na lile la siku ile usilifikirie. Nasikia unalifikiria hata unapoongea mambo mengine. Mimi ndiye niliyeinuka, miguu ni yangu. Wewe ulikuwa unalinda jasho lako, mzazi gani atakulaumu?

Kazi nimerudia. Mashine nimeifuta vumbi, nimetia uzi wa bluu wa ile shule ya juu, na nikikaa hapo asubuhi, dirisha likiwa wazi, kila mshono naona


Ugenini, 29 Aprili

Mamdogo,

Shikamoo. Hii nakutumia wewe kwa simu yako. Najua uliapishwa, sikulaumu. Panda gari uende kwake, umsomee yote, neno kwa neno, na akikukatiza usisimame.

Mama, shikamoo.

Barua yako msafiri amenifikishia mkononi. Mistari ya kwanza imenyooka. Baada ya hapo mmoja umepanda juu ya mwingine, ikabidi niusome kila mmoja kwa kuweka kidole, nimetumia mapumziko yote mawili. Nimeielewa yote. Imeishia kwenye neno "naona".

Baada ya hapo kuna karatasi mbili, umezikunja vizuri pamoja na ya kwanza. Hazina kitu, Mama. Nilidhani umeziweka kwa bahati mbaya. Nikaziinua kwenye taa nikaona kalamu imechimba, mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa pale unapotia sahihi. Wino uliisha. Uliandika kurasa mbili nzima na kalamu iliyokufa, na hukujua.

Nililia pale pale kwenye mashuka ya watu. Msimamizi akaja, nikamwonyesha, akanisainia likizo.

Wenzangu kazini wameniambia nikipitisha penseli juu yake maneno yatatokea. Sijapitisha. Nakuja nazo karatasi hizo, uniambie mwenyewe uliniandikia nini.

Safari ni Alhamisi. Usimfukuze Mamdogo kabla sijafika.

Mwanao.